Jiko la gesi linapotangazwa kuwa si salama: tangazo hukamilika mikononi mwa mmiliki

Kadiri gesi ya kupikia inavyozidi kuingia katika kaya za Tanzania, ndivyo usalama wa vifaa vinavyoitumia unavyozidi kuwa suala la kila mwananchi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dar es Salaam Mei 8, 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Katika kutekeleza azma hiyo, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipanga kusambaza mitungi 452,445 ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, kwa mgawo wa mitungi 3,255 kwa kila wilaya.

Sambamba na majiko ya ndani, yapo pia majiko ya gesi ya nje, yale ya kuchomea nyama, kuku, samaki na mishikaki, ambayo hutumika katika bustani za nyumba, hoteli, kumbi za sherehe na migahawa. Mengi ya majiko hayo hutoka nje ya nchi. Mengine huja mapya katika makasha ya wafanyabiashara, mengine hufika yakiwa yametumika, na mengine huletwa na ndugu waishio ughaibuni pamoja na vyombo vingine vya nyumbani.

Katika nchi ambako majiko ya aina hii huuzwa kwa wingi, hasa Marekani na Kanada, hutajwa mara kwa mara katika matangazo ya usalama yanayowataka wamiliki waache kuyatumia na wayarejeshe au wayafanyie marekebisho. Matangazo hayo huandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa nchi hizo na kwa lugha zao. Si rahisi yamfikie mtu aliyenunua jiko lilelile Kariakoo, au aliyelirithi kwa mpangaji aliyehama. Hapo ndipo kilipo kiini cha suala hili. Tangazo haliwezi kuzima jiko. Anayelizima ni mwenye jiko, naye hulizima tu iwapo anajua analo jiko gani, tangazo linasema nini na hatua zipi zinafuata.

Maana ya wito wa kurejesha bidhaa

Wito wa kurejesha bidhaa ni hatua inayochukuliwa na mtengenezaji, mwagizaji au mamlaka ya udhibiti baada ya kubainika kwamba bidhaa iliyokwisha kuuzwa ina kasoro inayoweza kumdhuru mtumiaji. Hatua hiyo ni tofauti na kuondoa bidhaa sokoni. Bidhaa inapoondolewa sokoni, duka huacha kuiuza. Wito wa kurejesha huenda mbali zaidi, kwani humfuata hadi nyumbani yule aliyekwisha kuinunua. Wananchi wengi wameuzoea utaratibu huo katika dawa na magari. Kwa majiko ya gesi, bado ni jambo geni masikioni mwa wengi.

Nchini Marekani kazi hiyo husimamiwa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mtengenezaji, mwagizaji au muuzaji anayepata taarifa kwamba bidhaa yake huenda ina kasoro ya hatari anapaswa kuijulisha Tume ndani ya saa 24. Baada ya hapo hutolewa tangazo la pamoja linaloeleza jina la bidhaa, namba ya modeli, kipindi ilipouzwa, idadi ya bidhaa zilizohusika, kasoro yenyewe, na nafuu anayostahili mnunuzi. Nafuu hiyo ni mojawapo kati ya tatu: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Sheria nyingine ya mwaka 2008 ilipiga marufuku kuuza bidhaa iliyokwisha kutangazwa kurejeshwa, hata kama ni mtumba.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni mpya ya usalama wa bidhaa iliyoanza kutumika Desemba 13, 2024 imeongeza uzito katika jambo moja muhimu. Mfanyabiashara mwenye mawasiliano ya mnunuzi wake anatakiwa kumjulisha moja kwa moja, badala ya kutegemea tangazo la jumla peke yake. Kanuni hiyo imezaliwa na uzoefu kwamba matangazo ya jumla huwapita watu wengi bila wao kujua.

Jambo moja linahitaji kueleweka vyema. Wito wa kurejesha jiko haumaanishi kwamba kila jiko la aina hiyo litashika moto. Unamaanisha kwamba ndani ya kundi hilo ipo kasoro inayoweza kujitokeza wakati wowote, na kwamba mmiliki hana njia ya kujua kwa macho ni jiko lipi litakalomdhuru. Ndiyo maana hoja inayosikika mara nyingi, kwamba "mbona langu linafanya kazi vizuri", ni hoja dhaifu kuliko zote. Jiko lenye kasoro hufanya kazi vizuri mpaka siku ile linapoacha kufanya hivyo.

Kasoro zinazojirudia

Jiko la gesi la nje ni kifaa chenye sehemu chache. Kuna mtungi na valvu yake, regulata inayopunguza shinikizo la gesi, mpira unaoipeleka gesi jikoni, swichi za kuongoza moto, na vichomeo ambamo gesi huchanganyika na hewa na kuwaka. Kasoro zinazosababisha majiko haya kurejeshwa huangukia karibu kila mara katika sehemu hizo.

Ya kwanza ni mpira kupita karibu mno na kichomeo au chombo cha kukusanyia mafuta. Joto huulainisha mpira, kisha huupasua, na gesi hutoka pasipotakiwa. Ya pili ni regulata inayovuja au inayopitisha gesi kwa shinikizo kubwa kuliko lile ambalo jiko limeundwa kulihimili. Ya tatu ni swichi au valvu isiyofunga sawasawa, hivyo gesi huendelea kupita ingawa mtumiaji anaamini amezima. Ya nne ni vichomeo vya bati jepesi vinavyooza kwa kutu na kutoboka, moto ukatokea mahali pasipo pake. Zipo pia kasoro za umbo, kama miguu isiyobeba uzito wa jiko au kifuniko kinachopasuka kwa joto.

Baadhi ya kinga zimeingizwa katika utengenezaji baada ya uzoefu wa ajali. Kwa viwango vya Marekani, majiko ya gesi ya nje yaliyotengenezwa baada ya Oktoba 1, 1995 yanatakiwa kuwa na mambo matatu. Kwanza ni kifaa kinachopunguza mtiririko wa gesi mpira unapokatika. Pili ni namna ya kulizima jiko, na tatu ni kiungo kisichoruhusu gesi kupita iwapo mtungi haujaunganishwa barabara. Jiko la zamani lililoundwa kabla ya hapo linaweza kuonekana imara kwa chuma chake kizito, lakini huenda halina hata moja ya kinga hizo. Hilo lina maana kubwa kwa mnunuzi wa vyombo vilivyotumika.

Tabia ya gesi yenyewe

Uzito wa kasoro hizi unaeleweka vizuri zaidi kwa kuitazama gesi yenyewe. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi kuwa kimiminika. Kimiminika hicho kinapotoka na kugeuka kuwa mvuke, hutanuka takriban mara 250. Kwa hiyo uvujaji unaoonekana kuwa mdogo katika mpira unaweza kutoa wingu kubwa kwa muda mfupi. Kiasi cha asilimia 2 hivi cha gesi hiyo katika hewa kinatosha kuwaka kikikutana na cheche.

Vilevile, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu na kutoweka kama moshi. Hushuka na kutambaa sakafuni, ikajikusanya kwenye mashimo, mifereji, ngazi za kushukia chini na pembe za vyumba. Cheche inayoiwasha inaweza kutoka mbali na jiko: katika swichi ya taa, jokofu, sigara, au jiko la mkaa la jirani. Hata nje, chini ya turubai lililozungushiwa pande zote siku ya sherehe, gesi iliyovuja hukosa pa kutokea.

Kwa asili yake gesi hii haina harufu ya kutosha kumwonya mtu. Harufu kali inayofahamika huongezwa kwa makusudi ili ivujapo itambulike. Harufu hiyo, kwa hiyo, ni king'ora. Kuipuuza kwa kusema kwamba "gesi ndivyo inavyonuka" ni kuzima king'ora ambacho kimewekwa kwa ajili ya kuokoa maisha.

Pengo kati ya tangazo na jiko

Uzoefu wa nchi nyingine unaonesha kwamba kutoa tangazo ni sehemu rahisi ya kazi. Nchini Uingereza, kasoro iliyoweza kusababisha moto katika mashine za kukaushia nguo ilitangazwa mwaka 2015. Ilipofika mwaka 2019, ilikadiriwa kwamba hadi mashine 500,000 zilikuwa bado majumbani bila kurekebishwa, na ndipo wito rasmi wa kuzirejesha ukatolewa. Hiyo ni nchi ambayo wanunuzi wengi hulipa kwa kadi, hupewa fomu za waranti na hununua katika maduka yenye kumbukumbu.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, pengo hilo lina sababu za ziada. Bidhaa hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa mtumiaji, kuanzia mwagizaji, muuzaji wa jumla, muuzaji wa rejareja na wakati mwingine mchuuzi asiye na duka. Mnunuzi huondoka bila risiti, au na kipande cha karatasi kilichoandikwa "jiko moja" bila jina wala namba. Boksi hutupwa siku ileile, na kitabu cha maelekezo hutupwa nalo. Miaka miwili baadaye jiko linapotajwa katika tangazo, hakuna muuzaji anayejua alimuuzia nani, wala mnunuzi anayejua alinunua nini.

Kwa majiko yaliyotumika, tatizo huongezeka. Jiko lililotangazwa kurejeshwa katika nchi moja linaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa, likapakiwa katika kasha na kuuzwa upya katika nchi nyingine ambako tangazo halikufika. Anayelipokea huona bahati ya kupata kitu cha chuma kizuri kwa bei nafuu. Hakuna anayemwambia kwa nini bei ilikuwa nafuu.

Lipo pia suala la kulazimisha kifaa kifanye kazi mahali ambapo hakikuundiwa. Majiko mengi ya Marekani huja na kiungo cha kukaza kwa mkono kilichotengenezwa kwa ajili ya valvu za mitungi ya huko. Mitungi inayouzwa Tanzania ina valvu tofauti, na fundi wa mtaani huombwa "kuunganisha tu". Kiungo cha kubahatisha, mpira usio wa gesi uliofungwa kwa waya, au regulata isiyolingana na jiko hufuta kinga zote ambazo mtengenezaji aliziweka. Hatari nyingine ni majiko yaliyoundwa kwa gesi asilia ya bomba, kama ile inayofikishwa katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Matundu yake ya kupitishia gesi ni makubwa zaidi. Yakiunganishwa na gesi ya mtungi bila kubadilishwa na mtu mwenye ujuzi, hutoa moto mkubwa usiodhibitika.

Hatua za mmiliki baada ya tangazo

Mmiliki anayesikia kwamba jiko la aina yake limetajwa katika tangazo la usalama anapaswa kwanza kuacha kulitumia mara moja, kabla hata ya kuthibitisha. Kusubiri shughuli ya mwisho wa juma ipite ni kuongeza siku za hatari. Valvu ya mtungi ifungwe, swichi zote za jiko zizimwe, na mtungi utenganishwe na jiko. Mtungi uwekwe wima, mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, mbali na moto na mbali na watoto.

Hatua ya pili ni kulitambua jiko. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko halitoshi, kwa kuwa kampuni moja hutengeneza modeli nyingi na kasoro huweza kuhusu modeli moja tu, au hata jiko lililotengenezwa katika miezi fulani tu. Taarifa sahihi zimo katika kibandiko au kibati cha utambulisho, ambacho kwa kawaida huwa nyuma ya jiko, ndani ya mlango wa kabati la mtungi au upande wa chini. Hapo husomwa namba ya modeli, namba ya mfululizo na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Mmiliki azilinganishe namba hizo na zile za tangazo, tarakimu kwa tarakimu, na apige picha ya kibandiko hicho kabla ya kutu au mafuta hayajakifuta.

Hatua ya tatu ni kuwasiliana na muuzaji au mwagizaji, na kwa jiko lililoletwa kutoka nje, kuwasiliana na mtengenezaji kupitia njia iliyoandikwa katika tangazo lenyewe. Mmiliki aeleze namba za jiko, mahali na wakati aliponunua, kisha aulize nafuu inayotolewa. Iwapo nafuu ni sehemu mpya, kama mpira au regulata, jiko liendelee kukaa bila kutumika hadi sehemu hiyo ifike na ifungwe ipasavyo. Kasoro iliyotangazwa haizibwi kwa gundi, utepe wala kwa kukaza nati zaidi.

Hatua ya nne ni kutolihamishia tatizo kwa mwingine. Jiko lenye kasoro lisiuzwe, lisigawiwe kwa ndugu, wala lisipelekwe kijijini kwa hoja kwamba "huko litasaidia". Anayelipokea hurithi hatari bila kurithi taarifa. Endapo hakuna nafuu inayoweza kupatikana, jiko litenganishwe na mpira na regulata yake, na sehemu zenye kasoro ziharibiwe ili zisirudi kwenye matumizi. Mtungi wenyewe usikatwe wala usitobolewe. Urudishwe kwa wakala wa kampuni husika.

Hatua ya tano ni tahadhari dhidi ya matapeli. Wito halali wa kurejesha bidhaa haumtozi mmiliki ada ya usajili, wala haumwombi namba ya siri ya simu au ya benki. Ujumbe unaosambazwa katika makundi ya WhatsApp uhakikiwe katika tovuti au kurasa rasmi za mamlaka, au kwa kampuni yenyewe, kabla ya kufuatwa na kabla ya kusambazwa.

Jiko lisilotajwa nalo linahitaji uangalizi

Kutokuwepo kwa jiko katika tangazo lolote si hati ya usalama wa milele. Mpira huchakaa, panya hutafuna, chumvi ya hewa ya pwani hula chuma. Ukaguzi rahisi unaweza kufanywa na mmiliki mwenyewe kwa maji yenye povu la sabuni. Swichi za jiko zikiwa zimezimwa na valvu ya mtungi ikiwa imefunguliwa, povu hupakwa katika viungo vyote na urefu wote wa mpira. Mahali panapotoa mapovu yanayokua ndipo gesi inapovuja. Kupima uvujaji kwa njiti ya kiberiti, desturi ambayo bado ipo, ni kuutafuta moto kwa mkono.

Majiko yaliyokaa muda mrefu bila kutumika yana adui asiyetarajiwa, naye ni buibui. Wadudu hawa hujenga utando ndani ya mirija inayochanganya gesi na hewa, gesi ikazuiwa kufika kwenye kichomeo na kurudi nyuma, ambako huweza kuwaka karibu na swichi. Kusafisha mirija kabla ya kulitumia tena jiko lililokaa ni kazi ya dakika chache.

Wakati wa kuwasha, kifuniko kiwe wazi. Gesi inayojikusanya chini ya kifuniko kilichofungwa hulipuka usoni mwa anayewasha. Jiko lisiposhika moto, gesi ifungwe na mwashaji asubiri dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Jiko la nje libaki nje, angalau mita 3 kutoka kwenye kuta, paa la makuti, mapazia na turubai. Kuliingiza barazani au gereji kwa sababu ya mvua huongeza hatari nyingine, ile ya kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunusika. Mafuta yaliyoganda yasafishwe kila baada ya matumizi, na moto wa mafuta usimwagiwe maji. Vichomeo vizimwe na kifuniko kifungwe iwapo inawezekana kufanya hivyo bila kujiweka hatarini.

Gesi inaponuka, valvu ya mtungi ifungwe na watu waondoke eneo hilo bila kuwasha wala kuzima swichi yoyote ya umeme. Ikiwa valvu haifikiki kwa sababu ya moto, mtu asijaribu kuufuata mtungi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na simu hiyo ipigwe kutoka mahali palipo mbali na gesi.

Wajibu wa wafanyabiashara na mamlaka

Mzigo huu hauwezi kuachwa kwa mmiliki peke yake. Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009 inalipa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) jukumu la kusimamia viwango vya bidhaa, za ndani na zinazoingizwa nchini. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Ushindani (FCC) jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na bidhaa zisizofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) husimamia biashara ya gesi yenyewe, na Wakala wa Vipimo (WMA) huhakikisha kwamba uzito unaolipiwa ndio uliomo katika mtungi. Zanzibar ina taasisi zake zenye majukumu ya aina hiyo, ikiwamo Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA).

Kwa mwananchi, mgawanyo huo unaweza kuonekana kama wingi wa milango. Njia nyepesi ya kuukumbuka ni kuuliza kasoro iko wapi. Kifaa kikiwa hakina ubora, mlango ni TBS. Muuzaji akikataa kuwajibika, au bidhaa ikiwa bandia, mlango ni FCC. Tatizo likiwa katika gesi, mtungi au kituo cha kuuzia, mlango ni EWURA. Moto ukiwa umeshawaka, ni Zimamoto. Taarifa ya mtu mmoja huweza kuonekana ndogo, lakini kasoro za bidhaa hugundulika kwa namna hiyo: malalamiko yanayofanana kutoka kwa watu wasiojuana.

Mfanyabiashara naye ana nafasi ya pekee, kwa kuwa ndiye kiungo cha mwisho kati ya bidhaa na nyumba. Kuandika namba ya modeli katika risiti na kuhifadhi namba ya simu ya mnunuzi ni kazi ndogo inayoweza kuokoa familia. Kaulimbiu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inayomtaka muuzaji kutoa risiti na mnunuzi kuidai imezoeleka kama suala la kodi. Katika usalama wa bidhaa, risiti hiyohiyo ni ushahidi wa haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mnunuzi asiye na risiti anabaki na jiko bovu na neno lake tu.

Matangazo yenyewe yanahitaji kuwafuata watu walipo. Tangazo la kitaalamu lililowekwa katika tovuti humfikia anayelitafuta. Redio za jamii, ofisi za serikali za mitaa, wenyeviti wa vijiji na mawakala wa mitungi, ambao hukutana na watumiaji wa gesi kila mara wanapobadilisha mtungi, ni njia zinazoweza kumfikia asiyejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Picha ya kibandiko cha jiko na maneno matatu, "Acha kutumia. Kagua. Rejesha", hueleweka kwa upesi kuliko kurasa za maelezo.

Imani ndiyo iliyo hatarini

Uzito wa jambo hili unavuka majiko ya bustani. Makadirio yanayotumiwa na Serikali yanaonesha kwamba watu zaidi ya 33,000 hufariki kila mwaka nchini kutokana na magonjwa yanayohusishwa na moshi wa kuni na mkaa. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuhimiza nishati safi, na gesi ni sehemu kubwa ya njia hiyo. Lakini moshi huua polepole, na vifo vyake havitangazwi mtaani. Moto wa gesi husikika siku hiyohiyo. Ajali moja iliyosababishwa na mpira wa bei rahisi hutosha kuufanya mtaa mzima useme kwamba gesi ni kifo, na akina mama walioanza kuiacha kuni wakairudia.

Kwa sababu hiyo, kila jiko bovu linaloondolewa katika matumizi kabla halijaleta madhara linaulinda zaidi ya mwili wa mmiliki wake. Linalinda imani ya jirani aliyekuwa akisitasita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ufa unaonekana kwa macho: ni kibandiko nyuma ya jiko, chenye namba ambazo wamiliki wengi hawajawahi kuzisoma. Mwananchi mwenye jiko la gesi, liwe la ndani au la nje, ana sababu ya kuzisoma leo, kuzipiga picha na kuzihifadhi pamoja na risiti yake, ili siku tangazo litakapotolewa, lisichukue zaidi ya dakika moja kujua kama linamhusu.